Mto Usio na Rangi

Ukimwamkia Prefe, alitazama kwanza saa yake. Kabla ya saa sita mchana alikubali "bonjour", baada ya hapo alitaka "bonsoir", na ukikosea alikuacha umesimama na mkono wako hewani mpaka ujirekebishe mwenyewe. Hakufanya hivyo kwa dharau. Aliamini kwamba mtu akisamehewa kosa dogo asubuhi, jioni atarudi na kubwa. Mtaa wetu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ulimzoea hivyo hivyo, wauza makaa, wauza unga, hata walevi, ambao wakimwona kwa mbali walijitahidi kunyoosha mgongo.

Huku kwetu préfet ni mkuu wa shule ya sekondari. Huyu wetu alistaafu zamani, lakini cheo kilimganda, na hata mke wake alimwita Prefe. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha nikawa jirani yake. Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa barua, nyumba ya tatu kutoka kwake. Nina mume, nina watoto, kiuno kimeshaanza kunisumbua, lakini kwa Prefe nimebaki "Mademoiselle" mpaka leo.

Shuleni alipenda methali moja kuliko zote: samaki mkunje angali mbichi. Aliisema akiwa ameshika fimbo, ikawa kama ndiyo fimbo yenyewe inayosema. Nasi kwenye madawati ya nyuma tulinong'onezana kwamba samaki wa Lubumbashi hutoka Pweto, mbali huko ziwani, na hufika hapa wakiwa wamekauka tayari. Ukimkunja, unabaki na vipande viwili. Tulicheka sana. Sikujua kwamba siku moja ningemfikiria mwanawe na kicheko hicho kingenikera.

Kifaransa kilikuwa cha shule, cha hasira na cha wageni. Aliyesema Kiswahili uwanjani alifagia darasa. Lakini Prefe akiwa na huzuni, au akiwa amechoka, Kifaransa kilimtoka chote na kubaki Kiswahili chetu cha mtaani, chenye bantu badala ya watu, mayi badala ya maji na njo badala ya ndiyo, kile kile alichotuchapia. Ukitaka kujua ameamkaje, hukuwa na haja ya kumuuliza. Ulisikiliza tu lugha aliyotumia kudai "bonsoir" yake.

Adui yake mkubwa ilikuwa michezo ya video. Nyuma ya soko kulikuwa na salle de jeux, chumba cha michezo chenye televisheni na benchi, watoto wakilipa na kucheza kwa zamu, na shangazi yangu akiuza vitumbua mlangoni. Prefe alikivamia mara kwa mara kutafuta wanafunzi wake. Siku moja nilikuwa ndani, nimetumwa kuchukua sinia, nikasikia mtu anapiga kelele, "Prefe!" Watoto wote wakatorokea dirishani. Mimi sikuwahi dirisha, nikaingia chini ya meza. Nikaona viatu vyake vinaingia, vinazunguka, vinasimama mbele ya televisheni. Kisha nikaona magoti yake yanakunjika na kukaa kwenye benchi. Alichukua manette, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaishika kichwa chini miguu juu, na gari lililokuwa kwenye picha likaenda moja kwa moja ukutani. "Imbécile," akaliambia gari. Akajaribu tena. Halafu akazima televisheni, akatoka na fimbo yake kama mtu aliyetoka vitani. Sijamwambia hadithi hii hata mara moja, na nadhani angeikanusha.

Mashine ya michezo iliyofika nyumbani kwake alimnyang'anya mwanafunzi. Sheria yake ilikuwa kwamba kitu kilichonyang'anywa kinarudishwa kwa mzazi tu, mzazi akija mwenyewe. Mzazi hakuja. Mwaka wa shule ulipoisha, Prefe aliibeba kwake, "isiibiwe", na huko ikapata kazi. Kila Jumapili baada ya misa alifunga mapazia ya sebule, akamwita mwanawe, Serge, na wote wawili wakakaa sakafuni mbele ya televisheni. Mkewe ndiye aliyenisimulia, akijifuta machozi ya kicheko. Alisema wiki nzima nyumba ilikuwa shule, na Jumapili mchana ilikuwa nyumba.

Walikuwa na mchezo mmoja tu. Wanaume wawili wadogo wenye kofia wako kwenye pirogue, yaani mtumbwi, wanashuka mto wenye mawe. Mmoja anapiga kasia upande wa kushoto, mwingine wa kulia, kila mtu na manette yake. Mkipiga pamoja mnakwenda. Mmoja akiacha, pirogue inazunguka mahali pamoja kama mbwa anayetafuta mkia. Huwezi kuucheza peke yako. Prefe alikuwa kushoto, Serge kulia, na walifika mbali, kwa jinsi mama yake Serge alivyosimulia, mpaka sehemu ambako mto unaingia pangoni.

Mama huyo alifariki baada ya ugonjwa mrefu. Serge alikuwa ameshakuwa mtu mzima, ana mke na watoto, ana biashara ya magari na nyumba huko Golf, mtaa wa wenye nazo wa mji huu huu, na ndiye aliyemsindikiza mama yake hospitali miezi yote ile, kwa sababu Prefe hakuweza kuona mtu mgonjwa. Aliogopa hospitali, basi, ingawa mwenyewe alisema ana kazi. Kwenye matanga tulikaa uani, watu wamejaa mpaka barabarani, na Serge akasimama kusema neno juu ya mama yake. Alianza vizuri. Alipofika kwenye siku za mwisho hospitalini, sauti ikamkatika, akaanza kulia mbele yetu. Tulikuwa tunamsubiri. Prefe akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa ile sauti ya darasani:

"Assieds-toi. Mwanaume halii mbele ya bantu. Keti."

Na Serge, mtu mzima, baba wa watoto, akaketi. Ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba aliketi. Asubuhi alisaidia kukunja turubai, akampa baba yake mkono, akaondoka na gari lake. Hakurudi tena.

Kutoka Kamalondo hadi Golf si safari. Serge hakuwa ng'ambo, hakuwa hata nje ya mji, huko Kasomeno. Nilimwona mjini mara nyingi kwenye foleni ya magari, kioo kimepandishwa. Prefe naye alijua njia. Kati yao hakukuwa na kitu isipokuwa neno moja, na hakuna aliyejua namna ya kuliondoa.

Upweke wa Prefe ulikuja kwangu kama mteja. Alianza kuleta karatasi kutoa fotokopi: cheti chake cha ubatizo, diploma, kadi ya pensheni. Juma lililofuata alileta zile zile. Nilimwambia, "Prefe, kopi za juzi zimeisha?" Akanijibu kwamba mtu makini huwa na akiba. Mashine yangu ni ya zamani, inachukua muda kupata joto, na nadhani alikuwa anaipendea hilo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasahihisha matangazo niliyobandika ukutani, akauliza watoto wangu wanasoma nini. Nikaacha kuiwasha kabla hajafika.

Kisha televisheni yake ya zamani ikafa. Ilikuwa sanduku la mbao lenye tumbo kubwa, aliinunua zamani kwa familia ya kizungu iliyokuwa inahama. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na moshi ukatoka nyuma yake. Mafundi waliotazama walisema kilichokufa kimekufa. Sijui nani alimpelekea Serge habari. Nilichoona ni dereva amesimama mlangoni na televisheni bapa, mpya, ndani ya kartoni, bila barua wala neno. Prefe alisaini kuipokea ingawa dereva hakuwa na karatasi ya kusaini, aliisaini kwenye kartoni. Akaiweka juu ya ile iliyokufa, kama wafanyavyo watu wengi hapa, na kitambaa cha kufuma cha marehemu katikati.

Hakuitazama. Habari za dunia alisikiliza redioni. Lakini siku moja alikuja kibandani bila karatasi yoyote.

"Mademoiselle, ile jeu ya pirogue, inaweza kuingia mu hii télé mupya?"

Nilimwambia inawezekana, ingawa ile mashine yenyewe ilishakufa zamani. Nina kompyuta, na kuna programu inayojifanya mashine za zamani. Wadogo zangu walinifundisha. Nilitafuta mchezo wake siku kadhaa, nikaupata, nikaubeba kwake pamoja na manette mbili za bei rahisi. Nilipowasha, Prefe alivaa miwani, akaisogelea picha, akarudi nyuma.

"Hii haiko mayi," akasema. "Ni palissade."

Alikuwa sahihi. Kwenye kioo bapa mto ule ulikuwa vijiti vya buluu vimesimama wima kama uzio wa mabati. Nikasoma, nikaelewa. Wachoraji wa michezo ile walijua kwamba vioo vya wakati huo, vile vyenye tumbo, hutawanya mwanga. Waliweka nukta moja ya buluu, wakaruka moja, wakaachia kioo kichanganye. Kioo kilichanganya, na jicho likaona maji. Kioo cha leo hakichanganyi. Kinaonyesha kila nukta ilipo, na mto unakuwa uzio. Ndiyo maana watu duniani kote, tena wenye akili zao, wanatengeneza vichujio vya kukiharibu kioo kipya kifanane na kile kibovu cha zamani. Nilipomweleza, Prefe alifurahi kusikia kwamba hayuko peke yake.

Ndipo tukaanza kazi. Nilikuwa nakwenda kwake Jumapili mchana, mume wangu akinung'unika kidogo, nikikaa na kompyuta mapajani na Prefe akiwa kwenye kiti chake kama mkaguzi wa shule. Niliweka mistari myembamba myeusi inayopita picha kwa mlalo. Nikaipinda picha kwenye pembe. Nikaongeza ule ukungu wa mwanga kandokando ya vitu. Mto ukawa maji.

"Bien. Lakini mangaribi image ilikuwaka inakonda," akasema. "Bantu bote banawasha réchaud, courant inashuka, image inakonda ku mbali-mbali."

Nikaikondesha, kama ilivyokuwa jioni watu wakiwasha majiko na umeme ukipungua, mipaka myeusi pande zote mbili. Juma jingine akakumbuka kwamba jirani alikuwa na kinu cha unga, na kinu kikianza picha ilitetemeka. Nikaitetemesha. Kila mara alikubali, kisha akakunja uso.

"Bado. Mapambo iko mingi."

Nilidhani anamaanisha mwanga, nikapunguza mwanga. Nikapunguza ukungu. Sauti ya mchezo alikuwa ameizima tangu siku ya kwanza, nikadhani ni kwa heshima ya Jumapili. "Mapambo iko mingi," akasema tena.

Na kila tulipomaliza alisema jambo moja: "Siku image itakuwa sawa, nitaita Serge."

Kujaribu mchezo ilibidi mimi nishike manette ya kulia. Tulipiga kasia mpaka kona ya kwanza ya mto, basi. Hapo Prefe aliweka manette chini. "Tuache hapa. Kwenda mbele ni ya Serge." Nilikuwa naitazama ile pirogue ikizunguka peke yake, na mzee naye akiitazama, na sebule ile yenye viti vya watu kumi ikawa kubwa mno.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba Prefe alikuwa anaogopa. Picha ikiwa bado, hana haja ya kupiga simu. Asipopiga simu, Serge hajakataa. Nilipoelewa hivyo niliumia, nikajaribu kumsukuma kwa mzaha.

"Prefe, tumuite tu. Aje aone tunavyohangaika."

"On n'invite pas les gens à un brouillon, Mademoiselle." Watu hawaalikwi kuja kuona rasimu. Kwa Kifaransa, kwa hiyo nikajua nimemgusa.

Basi tukaendelea na rasimu yetu, mvua zikaja, zikaisha, vumbi jekundu likarudi kwenye madirisha. Nilianza kuamini kwamba tutazeeka sote wawili tukitengeneza mto ule.

Kosa langu ndilo lililotuokoa. Mchana mmoja nilikuwa nataka kupunguza mwanga kwa mara nyingine, kidole kikateleza kwenye kitufe cha jirani, na rangi zote zikatoka kwenye picha. Mto ukawa wa kijivu, mawe ya kijivu, pirogue ya kijivu. Nikasema, "Aa, pole," nikataka kurudisha.

Prefe alikuwa amesimama.

"Usiguse!"

Sijawahi kumsikia akisema neno kwa sauti ile. Alisogea mbele mpaka pua yake ikawa karibu na kioo.

"Njo ile," akasema. "Njo yenyewe. Umetoa mapambo."

Akanieleza, akiwa bado anaitazama picha. Kwake mchezo ule ulikuwa hivi siku zote, wa kijivu, safi, usio na makeke. Rangi alizijua. Aliziona kwenye chumba cha nyuma ya soko alipokuwa anafukuza watoto, akaamini ni chambo cha kuwavuta, kama taa za baa. "Bale ba kule balikuwaka banatia couleur ju ya kuita batoto, sawa vile banatiaka balampe ku bar. Serge aliniulizaka. Nikamwambia: ya kwetu njo ya kweli, ya bengine ni mapambo."

Nilikuwa najua sasa. Televisheni yake ya mbao ilitengenezwa kwa mfumo wa rangi wa Wafaransa, na ile mashine ilitengenezwa kwa mfumo mwingine, ikaingia nchini kupitia mpaka wa Kasumbalesa kama vitu vyetu vyote. Ukiviunganisha viwili hivyo picha inapita, rangi inabaki mlangoni. Sauti pia hukwama, husikii kitu isipokuwa mlio kama mvua juu ya bati, ndiyo maana aliizima. Nyumba nyingi za mji huu zilicheza hivyo na hazikujua. Lakini ni Prefe peke yake, nadhani, aliyeuona upungufu wa waya akaufanya kuwa maadili.

Sikumwambia. Uso wake ulikuwa umefunguka, na mimi nilitaka apige simu.

"Sasa rasimu imeisha, Prefe," nikasema.

Alinitazama. Akaenda chumbani. Nilidhani amekwenda kutafuta simu, kumbe alikwenda kuvaa koti na tai. Alirudi amevaa hivyo, akakaa wima, akapiga.

"Allô, Serge? Ni papa."

Nilikuwa nasikia sauti ya upande wa pili, ndogo. "Papa? Kuko shida?"

"Shida haiko. Télé ya zamani imepona."

"Télé gani?"

"Ya pirogue. Iko inatembea muzuri. Dimanche, kisha messe, kama uko na nafasi..." Akanyoosha tai. "Kama uko na nafasi tu."

"Nitaona, Papa," Serge akasema, na simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nilikuwa pale kuwasha mashine, Prefe akiwa na koti lake, limonade mezani, mapazia yamefungwa. Tulikaa mpaka jua likaenda. Aliniambia kwa Kiswahili kwamba Serge ana kazi nyingi. Jumapili ya baadaye pia hakuja. Nilitaka kwenda Golf mwenyewe nikamvute Serge kwa sikio, na sijui kwa nini sikwenda.

Serge alikuja Jumapili moja, tulipokuwa tumeacha kusikiliza magari. Alibisha mlango uliokuwa wazi. Amenenepa, ana mvi kidogo, ana njia ile ile ya baba yake ya kusimama kama anasubiri wimbo wa taifa. "Bonsoir, Papa." Prefe hakutazama saa. Alisema "Karibu, karibu," akahamisha kiti, akakirudisha, akahamisha kingine, wala hakuthubutu kumwambia aketi. Serge alichagua mwenyewe. Alikaa sakafuni, na suruali yake ya bei ghali, mahali pale pale pa utotoni, nadhani, maana Prefe alishuka naye taratibu, akishikilia magoti, akakaa upande wake wa kushoto.

Niliwasha. Mto wa kijivu, mistari, pembe zimepinda, picha imekonda.

"Yééé," Serge akasema kwa sauti ya chini. "Mpaka ile kukonda."

"Mademoiselle alifanya."

Wakacheza. Mwanzoni walipiga mawe yote. Prefe alikuwa anatoa amri ya kwenda kushoto: "Gauche! Gauche!" na Serge akajibu, "Papa, gauche ni weye," na mimi nikacheka peke yangu nyuma yao. Halafu mikono yao ikakumbuka. Wakapita kona ya kwanza, ambako mimi sikuwahi kupita. Wakapita maporomoko. Kwa muda sikusikia kitu ila vitufe. Nilifikiri, yametimia, kazi yetu imekwisha, naweza kwenda nyumbani.

Serge akasema, macho yake yakiwa kwenye picha, "Papa. Unajua hii mayi iko bleu?"

"Ile ya kule salle de jeux. Nilikuambiaka, ni mapambo ya..."

"Apana, Papa. Iko bleu. Jeu yenyewe iko na couleur. Télé yetu njo ilikuwa inakatala. Miye nilijua tangu mutoto. Nilienda kucheza ku nyumba ya bantu, nikaona."

"Na haukusema?"

Serge hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mu hii nyumba, Papa, nani alikuwaka anakuambia kintu?"

Vitufe vikanyamaza. Kwenye picha pirogue ilianza kuzunguka. Niliutazama mgongo wa Prefe, lile koti, nikasubiri Kifaransa. Nilikuwa na hakika kitakuja, na kikija Serge atasimama, na safari hii hatarudi.

"Mademoiselle," Prefe akasema bila kugeuka. "Rudisha couleur."

Nilibonyeza. Rangi zikaingia zote kwa pamoja, na baada ya kijivu kile zilikuwa nyingi kweli. Prefe akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Aliinama mbele kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Pirogue iko rouge," akasema, akiugusa ule wekundu.

"Iko rouge, Papa."

"Na kofia?"

"Ya kwangu iko verte. Ya kwako jaune."

"Jaune," Prefe akasema, akitazama kofia ya kijani, kisha yake ya njano. "Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Miaka yote niliyomjua, Prefe hakuuliza, darasani wala nyumbani, swali ambalo jibu lake hakulijua. Kwa mwalimu wa aina yake swali ni mtego, na mwanafunzi ndiye anayepaswa kuogopa. Sasa nilimwona anatafuta maneno, na nikaelewa kwamba yeye ndiye anayeogopa.

"Serge," akasema kwa Kiswahili chetu, polepole. "Nini ingine sikuonaka?"

"Mingi, Papa."

"Sema. Sitakukata maneno."

Serge aliweka manette sakafuni. Nilichukua mkoba wangu, nikaiacha kompyuta ilipo, nikapita nyuma yao bila kuaga. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshaanza, na alianza na mama yake.